Msuva hana chenga, na ndiyo maana amedumu

Kila Taifa Stars ikitoka uwanjani lazima atokee mtu wa kukwambia winga wetu Simon Msuva hajui mpira. Ukishika simu ndiyo usiseme kabisa, mara mguu mzito, mara fasti tachi, ule mguso wa kwanza, inakwenda mita tano, mara krosi zake zinaishia kwa waokota mipira, na kwa nini kocha anamng'ang'ania huyu jamaa wakati kuna vijana kibao wenye mpira wao mguuni. Hilo la tachi mimi silibishi, macho ninayo. Ila maneno hayo yanasemwa tangu yuko Yanga, na huyo huyo asiyejua mpira ndiye ambaye mara tatu sasa kafunga mabao yaliyotupeleka Afcon, sasa kuna kitu hapo hakikai sawa, aidha mabao ni ya bahati mfululizo au sisi ndio hatujui kumwangalia winga.

Tukumbushane kidogo. Machi 2019, Uwanja wa Taifa, siku hizo bado haujaitwa Mkapa, tunaitaka Uganda kwa kila hali, bao la kwanza Msuva dakika ya 21, halafu Nyoni kwa penalti, halafu Aggrey Morris, 3-0, Stars ikaenda Afcon mara ya kwanza tangu ile ya 1980 kule Lagos. Novemba mwaka huo huo Equatorial Guinea wakaja hapa hapa Dar wakatangulia kutufunga, Msuva akasawazisha kipindi cha pili na Sure Boy akamaliza kazi dakika za mwisho. Juni 2023 na Niger, mechi ngumu ile kama jiwe, 1-0, nani kafunga? Msuva. Pointi zile ndizo zilizofanya ile sare ya 0-0 na Algeria kule Annaba mwezi Septemba iwe tiketi ya Ivory Coast. Novemba 2024 tunacheza na Ethiopia Kinshasa, 2-0, Msuva na Feisal, siku tatu baadaye Guinea kwa Mkapa, tukitoka sare tumekwisha, dakika ya 61 Msuva tena, 1-0, Afcon nyingine. Na huko kwenye fainali zenyewe hakuwa mtalii, 2019 aliwafunga Kenya, Januari 2024 akawafunga Zambia, na ile ya 2025 kule Morocco akafunga penalti dhidi ya Uganda. Afcon tatu, zote kaacha bao.

Mtu wa bahati hapati bahati miaka sita mfululizo, na makocha tofauti, wachezaji wenzake tofauti, yeye mwenyewe akiwa anatoka klabu tofauti kila akiitwa. Kuna kazi anaifanya pale ambayo haionekani kwenye vipande vya video vya sekunde ishirini tunavyotumiana.

Kazi yenyewe ni hii. Angalia bao la Kenya pale Cairo, Juni 2019, dakika ya 6 tu. Straika wetu Samatta anapata mpira anapiga, kipa wao Patrick Matasi anautema, na anayeufikia wa kwanza ni Msuva, anaweka ndani. Ukiliangalia haraka haraka unasema aah, bao la kuokota hilo, hata mimi ningefunga. Sasa rudisha nyuma uangalie Msuva alianza kukimbia saa ngapi. Mpira unapoondoka mguuni kwa Samatta yeye tayari yuko kwenye mwendo, mabeki wao wamegeuza shingo wanaangalia shuti linaishia wapi, yeye anakimbilia sehemu ambayo mpira ukitemwa utadondokea. Asilimia kubwa ya mashuti kipa anadaka au mpira unatoka nje, kwa hiyo mbio zile zinapotea bure mara tisa, na hakuna mtu jukwaani anayekupigia makofi kwa mbio zilizopotea bure. Mawinga wengi wakikimbia bure mara tatu tu wanachoka, ya nne wanasimama pembeni wanainua mkono kuomba mpira mguuni. Huyu anakwenda ya nne, ya tano, mpaka ya kumi.

La Zambia pale San Pedro ndiyo hivyo hivyo, dakika ya 11, Samatta kapata mpira mbele, badala ya kulazimisha mwenyewe anainua kichwa anamwona Msuva kaingia, pasi, bao. Yaani hao wawili ukiwaangalia vizuri, nusu ya kazi yao ni kwamba Samatta hana haja ya kumtafuta mwenzake, anajua tu atakuwepo. Samatta anawavuta mabeki wawili wa kati kwake, beki wa pembeni anajibana ndani kuwasaidia, na nyuma ya mgongo wa huyo beki wa pembeni ndipo namba 7 wetu, yaani winga wa kulia, anapoingilia. Beki hawezi kuangalia mpira na mtu aliye mgongoni kwake kwa wakati mmoja. Msuva kazi yake yote ameijenga hapo, kwenye hiyo sekunde ambayo beki hamuoni.

Sasa jiulize, hiyo inahitaji chenga? Haihitaji. Inahitaji pumzi, na ubishi wa kukimbia hata kama hupewi, na kujua krosi itakuja lini kabla haijapigwa. Ndiyo maana nasema tunamlaumu kwa kukosa kitu ambacho si kazi yake.

Tatizo letu Wabongo na mawinga lina mizizi. Kichwani mwetu namba 7 ni mtu wa kushika chaki, yaani kukaa kwenye mstari wa pembeni, amuite beki, ampige tobo, amrudie tena ampige nyingine, jukwaa linyanyuke, kisha ndiyo apige krosi, ikienda nje poa tu, burudani tumepata. Nenda kwenye mechi za mtaani za Ndondo Cup ukaone shangwe inapigwa wapi. Mtoto akimvalisha beki kanzu watu wanaingia uwanjani kumtunza noti, ila mtoto aliyekimbia kutoka nusu ya uwanja mpaka nguzo ya mbali na mpira haukumfikia, huyo hajulikani hata jina. Watoto siyo wajinga, wanajifunza kile kinacholipwa. Baada ya miaka kumi unakuwa na nchi yenye mafundi wa chenga kila mtaa na haina winga hata mmoja wa kukupa mabao kumi kwa msimu.

Na mfano mzuri kabisa wa yule winga tunayempenda ni Mrisho Ngassa, na hapa naomba mashabiki wake wanisikilize mpaka mwisho kabla ya kunirukia, maana mimi namhesabu kuwa na kipaji kikubwa kuliko Msuva, kikubwa mbali sana. Ngassa alikuwa na mbio za ajabu, na mpira uko mguuni, si mbio za bila mpira. Akiwa kijana mdogo tu mwaka 2009 West Ham walimchukua kwa majaribio. 2011 akaenda Marekani, Seattle Sounders wakamwingiza kwenye mechi ya kirafiki na Manchester United, mtoto wa Mwanza huyo. 2014 akiwa Yanga akafunga mabao sita kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, yote kwa Komorozine ya Comoro, hat-trick hapa na hat-trick kwao, na mashindano yale yalipoisha hakuna aliyempita kwa mabao, waliomfikia walikuwa na sita sita kama yeye. Watu wanacheka wanasema Comoro hao, sawa, lakini mbona wengine waliocheza na timu ndogo hawakufunga sita?

Lakini miaka yake mizuri aliimalizia wapi? Ndani ya mduara wa Kariakoo na Chamazi. Yanga, Azam, Simba kwa mkopo, Yanga tena. Kombe la Kagame la 2012 yupo Azam anashangilia na mashabiki wa Yanga, likawa balaa, akapelekwa Simba. El Merreikh ya Sudan wakamtaka mwishoni mwa mwaka huo, dili likafa. 2013 anarudi Yanga anakutana na kesi ya kusaini sehemu mbili, TFF inamfungia mechi sita na kumtaka arudishe hela za Simba. Anapokuja kutoka kweli kweli, Free State Stars ya Afrika Kusini, ni 2015, kashafikisha miaka 26, na haikuchukua muda mrefu akawa Oman na Fanja, halafu nyumbani, Mbeya City, Ndanda, Yanga kwa mara nyingine.

Simlaumu yeye peke yake. Simba na Yanga za miaka ile zilikuwa zinakupa kila kitu isipokuwa sababu ya kuondoka. Unaimbwa, unalipwa kwa mkupuo, kiongozi anakupigia simu usiku, unajiona mfalme, na mfalme gani anaacha ufalme akakae baridi ya Bethlehem, ile ya Afrika Kusini walipo Free State Stars, kwenye timu ya katikati ya msimamo? Winga anayependwa na jukwaa ndiye anayeumia zaidi na mtego huu, maana kinachompa raha ni jukwaa lenyewe.

Msuva jukwaa halikumpenda hivyo. Na hapo ndipo naona alipookokea, sijui kama mwenyewe angekubali.

Alitua Yanga 2012 akitokea Moro United, kijana wa miaka 18, 19 hivi, kwenye timu iliyojaa majina. Misimu ya mwanzo alikuwa yule mtoto mwenye mbio anayeingizwa kipindi cha pili, anakosa mabao ambayo watu wanashika vichwa. Alipokuja kocha Hans van der Pluijm na timu ikaanza kucheza mpira wa kasi, pembeni kuna Juma Abdul anapanda anamwaga krosi kutoka kulia, kati yuko Niyonzima anatoa pasi za kupenya, Msuva akagundua kitu. Beki wako wa nyuma akiwa ni fundi wa krosi wewe winga huna sababu ya kukaa kwenye mstari, mwachie njia apite, wewe ingia ndani uzikute. Msimu wa 2014/15 akamaliza na mabao 17, mfungaji bora wa Ligi Kuu, Yanga bingwa. Winga! Siyo straika wa kati aliyelishwa, ni namba 7. Miaka miwili baadaye, 2016/17, akafunga 14, akalingana juu kabisa na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting. Na katikati hapo walikuwepo mastraika Tambwe na Ngoma kwenye timu moja na yeye, yaani hakufunga kwa sababu hakukuwa na wafungaji.

Bado tulikuwa tunasema hajui.

2017 akaondoka kwenda Difaa El Jadida ya Morocco akiwa na miaka 23. Nataka nikae kidogo kwenye uamuzi huu kwa sababu naona ndio bora kuliko yote aliyofanya na ndio unaozungumzwa kidogo. El Jadida ni mji wa pwani ya Atlantiki, si Casablanca, timu yao si Raja wala Wydad, hakuna mtu kijiweni kwetu aliyekuwa anaifahamu. Ila ni timu iliyokuwa inapanda, mwisho wa 2017 ikafika fainali ya kombe la Morocco ikafungwa na Raja kwa penalti, na 2018 ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika pamoja na Mazembe, Sétif na MC Alger. Maana yake Msuva alienda mahali ambapo anacheza kila wiki, ligi ngumu kuliko ya kwetu, na Afrika anaonekana. Akakaa misimu mitatu. Unajua Watanzania wangapi wamekaa misimu mitatu sehemu moja nje ya nchi? Samatta, Ulimwengu pale Mazembe, ukiendelea kuhesabu unaanza kuumauma maneno.

Na Morocco inamfaa winga wa aina yake. Mabeki wa kule wana akili ya mpira, ukimletea chenga moja anakusubiri tu, anajua utarudia. Lakini mbio za bila mpira kwenda nyuma ya beki zinasumbua popote, Mbagala mpaka Madrid. Kwa hiyo silaha yake ilisafiri naye. Silaha ya chenga huwa haisafiri vizuri, kila ukipanda daraja la ligi beki anakuwa na kasi zaidi na subira zaidi, na chenga iliyowapita mabeki wanne Shinyanga inaishia kwa wa kwanza.

Wydad wakamuona, 2020 akahamia. Hapo sasa ndipo kilele. Klabu kubwa Afrika nzima, akabeba ubingwa wa Morocco 2020/21, wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wakatolewa na Kaizer Chiefs, moja ya matokeo ya ajabu ya mwaka ule. Halafu ikaja ile kesi. Mchezaji anadai hela zake, klabu na yeye hawaelewani, anarudi nyumbani, anavunja mkataba, anakwenda FIFA, FIFA inampa haki. Kisheria kashinda mchana kweupe. Lakini mpira una hesabu yake nyingine kabisa. Miezi ile alipokuwa Dar anafanya mazoezi peke yake akisubiri barua, Wydad walikuwa wanaendelea na safari, na Mei 2022 wakamfunga Al Ahly 2-0 Casablanca wakawa mabingwa wa Afrika. Mabao yote mawili Zouhair El Moutaraji, mchezaji wa pembeni anayeingia ndani. Kazi ile ile ya Msuva, jamani. Nafasi ile ile! Sina maana angefunga yeye, wala sisemi angekaa bila kulipwa, mtu ana familia. Nasema tu kwamba umri wa miaka 28 kwa winga ni dhahabu, na yeye dhahabu hiyo aliitumia mezani na mawakili, na aliporudi uwanjani ilikuwa Al-Qadsiah, daraja la pili Saudia, kabla hela za Saudia hazijafika huko chini.

Hapa ndipo vijana wetu wanaposaini mikataba ya nje wangepaswa kutulia. Wengi wakiambiwa mshahara wanaangalia namba tu, hawaulizi ukicheleweshwa miezi miwili mkataba unasemaje, unampelekea nani notisi, kwa siku ngapi, nani anakulipia wakili. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara angalau miwili kuvunja mkataba kwa sababu ya haki, baada ya kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15 na isilipe. Ni kanuni nzuri lakini haikurudishii msimu. Msuva angalau alikuwa na ushahidi na watu wa kumsimamia. Wangapi wamerudi kimya kimya na begi moja, tukaambiwa ameshindwa baridi?

Baada ya hapo safari yake imekuwa ya kuruka ruka, Saudia, Algeria na JS Kabylie kwa muda mfupi, Saudia tena na Al-Najma, halafu Iraq na Al-Talaba. Wanaosema amejizika huko wana hoja yao, daraja la pili Saudia si mahali pa kumkuza mtu. Ila mtu wa miaka 29, 30, ambaye ameshaonja kufanya kazi bila kulipwa, akichagua mahali hela inaingia tarehe inayoeleweka, mimi nimlaumu kwa lipi? Na huku Stars alipoitwa alikuja akafunga. Ukiangalia tarehe utaona mabao ya Ethiopia na Guinea kayafunga akiwa mchezaji wa ligi ya Iraq, wakati mafundi wetu wa ligi ya nyumbani wenye mpira mguuni walikuwa pale pale uwanjani naye.

Kuna jambo la umri ambalo watu hawalizungumzi. Winga anazeeka mapema kuliko kiungo au beki wa kati, kwa sababu mtaji wake ni kuanza mbio na kusimama na kuanza tena, na kitu hicho kinapungua kimya kimya kuanzia miaka 28 au 29, leo unampita beki kwa hatua mbili, mwakani hatua moja, mwaka unaofuata mko sawa. Waliodumu ni wale waliobadilika. Giggs alihamia katikati. Valencia na Ashley Young wakarudishwa mabeki wa pembeni. Cristiano aliyetua Old Trafford akicheza na mpira kama yuko sarakasi, alipofika Madrid akaanza kupunguza chenga mwaka hadi mwaka mpaka akawa mtu wa boksi tu. Wasiobadilika utawakuta wanasugua benchi wakiwa na miaka 30 wanashangaa nini kimetokea. Msuva hakulazimika kubadilika kwa sababu tangu mwanzo hakuwa anaishi kwa kumpita beki mguuni, alikuwa anaishi kwa kujua wapi pa kusimama, na hiyo haiishi kwa haraka.

Ajabu moja, kocha aliyetupeleka Afcon ya 2019 alikuwa Emmanuel Amunike, winga yule, mchezaji bora wa Afrika 1994, aliyefunga mabao mawili fainali ya Afcon mwaka huo, akaenda Barcelona na magoti yakamkatisha. Huyo mtu alichezea pembeni kwa kiwango ambacho hapa kwetu hakuna aliyekifikia, na alimwamini Msuva. Sisi tuliokaa mzunguko tukawa tunamfundisha Amunike winga ni nini.

Haya, nisije nikaonekana nimelipwa. Ana mapungufu na mengine yametugharimu. Ukimpa mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, mpira unarudi kwa mpinzani mara nyingi kuliko unavyobaki. Mechi zile ambazo Stars inatakiwa kutulia na mpira, yeye si msaada. Irudie ile ya Zambia, tunaongoza tangu dakika ya 11, wao wanabaki kumi kabla ya mapumziko baada ya Kabwe kutolewa kwa nyekundu, na bado Daka anasawazisha dakika ya 88. Pale tulihitaji winga wa kupokea mpira kwenye kibendera, auweke chini ya kiatu, apigwe faulo, saa iende. Tulihitaji Ngassa, kwa lugha nyepesi. Timu inayotaka kufika mbali inahitaji aina zote mbili, mmoja wa kushika na mmoja wa kuingia, kulia na kushoto, na kosa letu ni kudhani wa kwanza ndiye winga halali na wa pili kabahatisha.

Wanaokuja nyuma yake nawaonea huruma kidogo. Simba na Yanga sasa zina hela, na ukiangalia mawinga waliotikisa miaka ya karibuni ni wa kutoka nje, Miquissone yule wa Msumbiji aliyemtungua Al Ahly 2021, Kisinda, Moloko, Nzengeli na Mpanzu kutoka Congo. Wazuri, silalamiki, ligi imenoga kwa ajili yao. Lakini Pluijm alimvumilia Msuva akikosa mabao kwa sababu hapakuwa na Mkongo wa kumweka benchi dirisha dogo likifunguliwa. Kijana wa Kitanzania wa leo akikosa mawili yuko mkopo Februari. Clement Mzize amepenya, na mnaomfuatilia mtaona naye hakai kwenye chaki, anaingia, anapiga, anakosa, anaingia tena, na naye tunamwambia hajui mpira. Tumeanza upya.

Afcon ya 2027 inachezwa hapa, sisi na Kenya na Uganda wenyeji, Msuva atakuwa na miaka 33. Mimi nikiwa kocha simwanzishi mbele ya timu inayomiliki mpira dakika tisini, hapana, tutakufa pembeni. Ila kuna ile mechi ya makundi, kwa Mkapa, wapinzani wamejaza watu kumi nyuma, 0-0, dakika ya 60, mafundi wetu wanapigiana pasi mbele ya boksi hakuna anayeingia ndani. Hapo namwingiza, namweka upande wa mbali na mpira, namwambia beki wa kulia amwage krosi hata kumi. Nane zitapotea na jukwaa litamzomea.